Kiti Kisichoondoka Mezani

Katika Mtaa wa Kopernik, pale mlimani Pittsburgh, unaweza kumtukania mtu mama yake na mkapatana kabla ya Pasaka. Unaweza kukosa mazishi ya jirani, ukaleta keki wiki inayofuata, na keki ikaliwa. Lakini ukigusa kiti cha mtu kilichowekwa barabarani msimu wa theluji, umekwisha. Mtu amechimba kwa beleshi mpaka mgongo ukalia, akapata nafasi ya kuegesha gari lake, kisha akatoka kwenda kwenye shughuli zake na kuacha kiti cha jikoni kimlindie. Kiti chenyewe hakina kufuli wala askari, na hakiguswi. Mtaa ule ulipata kuwa na mwizi mmoja wa magari, hodari kweli kweli, na hata yeye alikuwa akivizunguka viti kwa heshima.

Bi Leokadia Wilczek alizaliwa mtaani hapo na alikusudia kufia hapo hapo, ikiwezekana baada ya jirani yake Stefka, maana hakuamini kwamba Stefka angemsema vizuri mazishini. Miguu ilikuwa imemgomea siku nyingi, akawa mtu wa kiti cha magurudumu, na hilo alilizoea. Kilichomponza ni mikono. Ilianza kutetemeka, na kile kijiti cha kuongozea kiti kikawa kinapokea amri za mbele, nyuma na pembeni kwa mpigo mmoja. Mara ya mwisho kuendesha mwenyewe, aliingia duka la dawa bila kufungua mlango.

Habari za mlango ule wa kioo zikamfikia Raymond, mwanawe wa pekee, aliyekuwa amehamia Cleveland kuuza bima. Kwa watu wa Pittsburgh, kuhamia Cleveland si kuhama, ni kuasi. Raymond akaja mbio, akaketi jikoni kwa mama yake, akatoa picha.

"Mama, kuna nyumba nzuri ya wazee karibu na kwangu. Tazama. Wana bustani."

"Hata makaburi yana bustani."

"Huwezi kuendelea kuvunja milango ya watu."

"Mlango mmoja tu, Ray. Na ulikuwa umefungwa vibaya."

Ndipo akatokea Daktari Vasanthi kutoka chuo kikuu cha kule chini mtoni. Huyu alikuwa injinia mpole mwenye miwani mikubwa, na alikuwa akitafuta wazee wa kujaribu kiti alichokiunda, kiti kinachojiendesha chenyewe. Unakiambia uendako, basi. Kina kamera mbele na nyuma, kinaijua njia, kinakwepa watu, mbwa na mashimo. Bi Leokadia alikidaka kama mtu anayezama anavyodaka kamba. Alitaka kukipa jina la marehemu mumewe, akaona haitafaa, kwa sababu marehemu hakuwahi kumsikiliza hata siku moja na kiti kilisikiliza kupita kiasi. Kilikwenda polepole, kilimpisha kila mtu, na kilisema kwa sauti nzito ya altareni. Akakiita Monsinyori, kama wanavyoitwa mapadri wenye cheo.

Raymond hakuridhika. Wakabishana wiki nzima kwa simu, hadi mama akachoka.

"Haya. Ijumaa njoo. Monsinyori atanipeleka kanisani kwenye samaki wa Kwaresima, kutoka mlangoni kwangu mpaka mezani, wewe ukitazama. Tukifika, sitaki kusikia tena habari za Cleveland mpaka nife."

"Na msipofika?"

"Tusipofika nitafunga mizigo."

Raymond aliwajua majirani zake wa utotoni. Alijua wangemsukuma mama yake mpaka mlango wa kanisa kisha wakaapa mbele ya msalaba kwamba hawakumwona. Kwa hiyo akaweka sharti. "Asikuguse wala kukusaidia mtu yeyote wa mtaa huu, hata kwa kidole."

"Mtu yeyote wa mtaa huu," mama akarudia. "Sawa."

Daktari Vasanthi naye alikuwa na sheria yake ya kazi: siku ya jaribio, mkono wake ukigusa kiti, jaribio limefeli na kiti kinarudi chuoni. Hivyo ndivyo mwanamke mmoja alivyojikuta anatoka nyumbani kwake akiwa na watu wawili nyuma, na hakuna hata mmoja anayeruhusiwa kumshika.

Theluji ilikuwa imeanguka kwa siku kadhaa. Ijumaa ilianza kwa jua kali lisilo na joto hata kidogo. Raymond aliwasili kabla ya saa sita na viatu vyake vya ofisini, akaegesha mbele ya mlango wa mama yake, mahali palipokuwa patupu bila theluji, kama pamefagiliwa. Sikuzote alikuwa na bahati ya maegesho. Pembeni ya ngazi aliona kiti cha zamani cha buluu, kile cha utotoni chenye mguu uliofungwa utepe wa gundi, akadhani mama ameanza kutupa vitu ili kujiandaa kuhama. Moyo wake ukafurahi kidogo, na akajionea aibu kwa kufurahi.

"Monsinyori," akasema Bi Leokadia, amejifunika blanketi mpaka kidevuni, "Mtakatifu Kunegunda, ukumbi wa chini."

"Tunakwenda," kikasema kiti. "Tafadhali tufurahie safari."

Safari ilianza kwa heshima zote. Monsinyori alimpisha mama mwenye mtoto. Alimpisha mbwa. Aliipisha ndoo ya taka iliyoanguka, akaingoja iondoke, kisha akatambua haina nia hiyo na kuizunguka. Daktari Vasanthi alitembea nyuma na kompyuta mkononi akitabasamu kwa kila jambo, na Raymond alifuata akiteleza. Stefka alikuwa tayari dirishani na vibiringisho vya nywele kichwani.

"Leokadia, maandamano ya nani hayo? Mbona jeneza halionekani?"

"Nalitafutia mwenyewe, shoga. Uko saizi gani?"

Kanisa lilishaonekana, na harufu ya samaki wa kukaanga ilikuwa imepanda mlima kuwapokea, walipofika, Stefka akiwa bado anawaona kutoka dirishani kwake, mbele ya nyumba ya Dominic Fratangelo. Huyu alikuwa Mwitaliano pekee wa mtaa ule wa Wapolandi, mtu aliyeoa humo akasahau kuondoka. Katika ulinzi wa maegesho hakuwa na mpinzani. Wengine waliweka kiti kimoja. Fratangelo aliweka viti viwili vya jikoni, katikati yake ubao wa kupigia pasi, na kiti kimojawapo akakivisha koti lake kuukuu na kofia juu, ili mgeni asiyejua mila adhani kuna mtu mkali.

Monsinyori akasimama. Kamera yake ikageuka kutazama ubao, ikatazama viti, ikatazama koti.

"Meza ipo tayari," akasema.

"Meza gani?" akauliza Bi Leokadia.

Monsinyori akateremka polepole mahali Fratangelo alipokata ukingo wa theluji, akaingia barabarani, akajisogeza kwa ustadi mkubwa mpaka magoti ya Bi Leokadia yakawa chini ya ubao wa pasi. Akafunga breki. "Karibuni nyote. Nawatakia mlo mwema."

Kicheko cha Stefka kikaporomoka kutoka dirishani.

"Daktari," akasema Raymond, "hiki ni nini?"

Daktari Vasanthi alikuwa amevua miwani. "Tulimfundisha kwenye ukumbi wa chakula," akasema kwa sauti ndogo. "Wazee wengi walilalamika kwamba viti vyao vinakaa mbali na meza, wanakula kama watu waliofukuzwa. Basi tukamfundisha ajisogeze mwenyewe akiona meza na viti. Hatukumfundisha kwamba kuna watu wanaoweka meza barabarani."

"Monsinyori, twende kanisani," Bi Leokadia akaamuru.

"Tutakwenda baada ya chakula."

"Nimeshiba."

"Wenzetu bado wanakula. Si adabu kuondoka mezani kabla ya wenzetu."

Daktari akazidi kusinyaa ndani ya koti lake. "Na hilo tulimfundisha pia. Anangoja mmoja wa waliopo mezani ainuke."

Wote wanne, ukimhesabu na Stefka dirishani, wakamtazama yule aliyepo mezani. Koti la Fratangelo lilikuwa limekaa kimya, kofia imeinamia ubao, halina haraka ya kuinuka.

Bi Leokadia alijaribu kila hila. Alitoa andazi mkobani akalila lote akitafuna kwa kelele, ili kiti kijue kwamba upande wake kazi imekwisha. Alipiga ishara ya msalaba kama mtu anayeshukuru baada ya chakula, na Monsinyori akasema "Amina" lakini hakusogea. Alijaribu hata kulibembeleza lile koti kwa Kipolandi. Raymond alikuwa akitazama saa, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayepanga sanduku. Hapo Bi Leokadia akaogopa. Hakuogopa baridi wala kuchekwa. Aliogopa ile bustani ya kwenye picha.

Ndipo Fratangelo akarudi kutoka sokoni. Akasimamisha gari, akashusha kioo, akamtazama mwanamke aliyeketi kwenye maegesho yake akiwa na makombo ya andazi kidevuni.

"Dada Leokadia. Unanilindia?"

"Nimekwama, Dominic. Huyu mjinga anadhani koti lako linakula."

"Hilo tu? Naliondoa sasa hivi." Akafungua mlango.

"Usithubutu," akasema Stefka toka juu. "Mtu wa mtaa akimsaidia, anapelekwa Cleveland. Wamewekeana sharti."

Fratangelo akabaki mguu mmoja nje, mmoja ndani. Akamtazama Raymond, akatazama meza yake. Kisha akarudisha mguu na kufunga mlango. "Basi siegeshi. Nitakaa hapa hapa mpaka Pasaka."

Na mtaa wenyewe ni mwembamba. Nyuma yake likaja gari la pili, la tatu, na gari la kupeleka mikate. Honi zikaanza. Fratangelo akatoa kichwa dirishani. "Leokadia akisaidiwa anahamishiwa Cleveland!" Honi ya kwanza ikanyamaza. Habari ikarudi nyuma dirisha kwa dirisha, na honi zikazimika moja baada ya nyingine, kisha injini nazo. Mwenye gari la mikate akashuka, akavua kofia kama yuko msibani, akauliza kama kuna la kufanya. Akaambiwa ni kungoja.

"Jamani, huu ni wendawazimu," akasema Raymond. "Mzee Dominic, toa vitu vyako uegeshe gari."

"Nikitoa, nimesaidia."

"Watu wanataka kupita."

"Uliza kama kuna mmoja anayetaka kupita."

Raymond akageuka. Foleni nzima ilimtazama. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi, soksi zimelowa, mama yake amekaa mezani katikati ya barabara, na dereva wa mikate alikuwa akimtikisia kichwa kama baba mzazi. Hasira zikampanda. Akapiga hatua mbili, akakikamata kile kiti chenye koti, akakiinua na kukitupa juu ya rundo la theluji, kofia huko na koti huko.

Dirishani kwa Stefka kibiringisho kimoja kilidondoka.

"Mwenzetu amemaliza," akasema Monsinyori kwa furaha. "Asanteni kwa chakula." Akafungua breki, akarudi nyuma taratibu, akapanda ukingo na kushika njia ya kanisani, na Bi Leokadia juu yake, mgongo umenyooka kama malkia. Monsinyori hakusimama tena mpaka ukumbi wa chini wa Mtakatifu Kunegunda, mahali palipokuwa na meza za kweli, akachagua moja na kuwatakia mlo mwema watu waliostahili.

Habari ilikuwa imemtangulia. Raymond alipoingia, visu na uma vilitulia. Mama wa jikoni alimwekea samaki sahanini bila kumtazama, na akampa pirogi moja tu, ile sambusa ya Kipolandi ya kuchemshwa, nayo iliyopasuka.

"Mama," akasema akiketi, "umefika. Lakini umesaidiwa. Sharti ni sharti."

"Nimesaidiwa na nani?"

"Na mimi."

"Wewe ni wa mtaa gani?"

Raymond akafungua mdomo. Fratangelo, aliyekuwa ameleta sahani yake meza ile ile na kofia yake imelowa, akamsaidia kufikiri. "Sharti lilisema asisaidiwe na mtu wa mtaa huu. Mtu wa mtaa huu hagusi kiti. Wewe umekigusa. Kwa hiyo si wa mtaa huu. Dada kashinda. Nipitishieni chumvi."

"Mimi nimezaliwa nyumba ile pale!" Raymond alisema, na hakutania. "Nimebatizwa ghorofa ya juu hapa. Meno yangu ya mbele yalivunjikia ngazi zenu. Nani wa mtaa huu kuliko mimi?"

"Kama ndivyo," akasema Stefka, aliyekuja hata vibiringisho hakutoa, "mama yako kashindwa, na wewe ni mtu wa mtaa aliyetupa kiti cha jirani. Chagua, mtoto wa Leokadia. Lakini ukichagua hilo usiliache gari nje leo. Kuna baridi, na mpira wangu wa maji unafika mbali; asubuhi utalikuta barafu tupu."

"Viti, viti! Mimi sijawahi kuhitaji viti vyenu. Nikija hapa, hata theluji iwe ya magotini, napata nafasi mbele ya mlango. Kila mara."

Fratangelo alianza kuchambua mwiba ambao samaki wake hakuwa nao. Dereva wa mikate alitazama dari. Bi Leokadia alikuwa amekazia macho pirogi ya mwanawe.

"Kila mara," Raymond akarudia, na safari hii sauti ilishuka. Alikuwa amekikumbuka kile kiti cha buluu pembeni ya ngazi.

"Mama, wewe huna gari."

"Sina."

"Nani anachimba?"

"Theluji ikianguka nachimba yangu, kisha nachimba yako," akasema Fratangelo. "Mama yako anatutazama dirishani, mimi na kiti, anapaza sauti kwamba nimekiweka upande. Leo asubuhi kakitoa mke wangu, tuliposikia unakuja. Siku nyingine tunakuona unapinda kona, tunakimbia kukitoa."

"Lakini mimi huwa siji," akasema Raymond. "Huwa nasema nitakuja, halafu siji."

"Kiti kinajuaje?" akasema mama yake kwa ukali. Hakupenda siri yake imwagwe mbele ya samaki. "Kula. Chakula kinapoa."

Raymond hakula. Alikuwa muuza bima, na katika maisha yake hakuwahi kukubali dai bila kulipigania. Akavuta pumzi. "Basi," akasema, "mimi si wa mtaa huu. Mama kashinda."

Ukumbi ukapiga makofi, na mtu akagonga sufuria. Bi Leokadia alikuwa amelitaka neno lile kwa wiki nzima. Alipolipata likamuuma kifuani, na hakujua aliweke wapi. Alinyoosha mkono wake unaotetemeka, akasukuma sahani yake ya pirogi, zote nzima, mpaka mbele ya mwanawe, na nusu zikamwagikia mezani.

"Mgeni siku mbili," akasema Fratangelo, akiwa ameshasimama, "ya tatu mpe jembe. Wewe umekuwa mgeni miaka mingi mno, Ray. Beleshi liko barazani kwangu."

Kwa hiyo alasiri ile watu wa Mtaa wa Kopernik walimwona muuza bima wa Cleveland, amevaa mabuti ya kuazima yaliyompwaya, akikwangua barafu kwenye maegesho ya Fratangelo huku Stefka akimwelekeza kutoka juu. Alipomaliza alirudisha ubao, akarudisha viti, akakivisha kiti kimoja koti lile na kukivika kofia vizuri. Stefka akasema kofia imekaa ki-Cleveland. Akaiweka upya.

Jioni ilipokaribia akamuaga mama yake barazani. Bi Leokadia alikuwa juu ya Monsinyori, blanketi kidevuni. Raymond alibusu paji la uso wake, akaingia garini, akatoka kwenye ile nafasi. Kisha taa za breki zikawaka. Akashuka katikati ya barabara, mlango wazi, akarudi mpaka kwenye ngazi, akakichukua kile kiti cha buluu na kukiweka katikati ya nafasi yake. Akarudi nyuma akakitazama. Akakisogeza kidogo.

"Upande," mama yake akapaza sauti. "Kimekaa upande."

Akakinyoosha, akapunga mkono, akaenda zake. Bi Leokadia alilitazama gari mpaka likapinda kona, na hakufuta machozi kwa sababu mikono yake ingemtia kidole jichoni.

"Kuna mwenzetu," akasema Monsinyori.

"Hapana. Wewe, hapana. Ile si meza."

Lakini Monsinyori alikuwa ameshaanza kuteremka mteremko wa mbao uliowekwa kando ya ngazi. Akavuka njia ya watu, akaingia barabarani na kujipanga vizuri kando ya kiti cha buluu, akafunga breki.

Dirisha la Stefka likafunguka. "Nimwite Dominic akutoe? Siku hizi kusaidiwa ruksa."

Kamera ya Monsinyori ilikuwa imekigeukia kile kiti kitupu, ikakitazama kwa muda.

"Mwenzetu hajafika," akasema kiti. "Tumngoje?"

"Usimwite kwanza," Bi Leokadia akamwambia Monsinyori, kana kwamba yeye ndiye aliyeuliza kuhusu Dominic. Akavuta blanketi. "Tumngoje kidogo."